Eti asparagasi huua mvinyo!

Mhudumu wa mgahawa mmoja wa bei mbaya kanitazama kwa huruma. Kosa langu? Nimeagiza asparagasi nyeupe, yale machipukizi marefu yanayoliwa kama mboga, na chupa ya Terlaner, mvinyo mweupe wa Terlano. Asparagasi huua mvinyo, akanifundisha. Halafu akashusha sauti, kama ananisitiri: huo ni mvinyo wa kuchanganya, yeye anao "safi", wa zabibu za aina moja. Safi! Kumbe sisi wengine tunakunywa taka.

Nina hasira, nivumilieni.

Terlano iko kwenye bonde la mto Adige, kati ya Bolzano na Merano, huko Italia ya milimani ambako watu wanaongea Kijerumani. Mizabibu imepanda miteremko ya miamba myekundu ya volkano. Chini, kwenye mchanga wa mto, wanalima asparagasi. Aprili na Mei zinapoiva, huliwa na mchuzi wa Bolzano: mayai ya kuchemsha yaliyopondwa, haradali, mafuta, siki, na majani membamba ya kitunguu. Kinywaji? Mvinyo wa mlima uleule. Tuwatumie barua kuwajulisha kwamba miaka yote hii wanakosea?

Ni kweli asparagasi ni mkorofi. Ina ukijani na salfa, na mvinyo mwekundu mkali au uliolala sana kwenye pipa jipya ukikutana nayo utadhani umelamba kijiko cha bati. Hapo ndipo zabibu tatu za Terlaner zinapofanya kazi. Sauvignon, ambayo hutiwa kidogo tu, yenyewe inanukia majani, kwa hiyo ukijani haiushtukii. Chardonnay ina unene wa kusimama na kiini cha yai. Pinot Bianco, iliyo nyingi kuliko zote, inaleta uchachu unaokata mafuta na kukurudishia hamu ya tonge linalofuata. Toa Sauvignon, asparagasi inabaki mgeni mezani. Toa Chardonnay, yai linaumeza mvinyo. Huo uchanganyaji ni upishi. Anayeuita mabaki aniambie pia kama pilau ni mabaki ya mchele.

Haya, nakiri shingo upande: ipo michanganyiko inayotengenezwa kuficha zabibu mbovu. Nimeinywa, na asubuhi yake nimeijua. Ila kiwanda cha Terlano ni cha ushirika, kimeanzishwa 1893, na bado kinasimama. (Mliokulia kwenye vyama vya ushirika vya kahawa, msinicheke. Na mimi nimeshangaa.) Hata mvinyo wao wa heshima, Nova Domus, ni zabibu hizohizo tatu zikichanganywa. Bei yake ndiyo siitetei.

Kwa vyakula vingine vya kule sina hotuba. Speck, lile paja la nguruwe lililofukizwa moshi kidogo, linaendana na Terlaner vizuri. Madonge ya mkate mkavu yenye siagi na jibini, vizuri zaidi. Samaki wa mto, sawa. Na jamani, msiugandishe kwenye barafu kama soda. Utoeni kwenye friji mapema kidogo, harufu ifunguke.

Mtaniuliza samaki wa kupaka. Nimejaribu. Tui lenyewe unaliweza, lakini pilipili ikiingia uchachu unageuka moto juu ya moto. Hapo nipeni maji ya ndimu, na chupa irudi kwenye friji.