Betri Sita za Saa

Ndugu wajumbe wa kikao hiki cha sebuleni, roboti imezimika tena. Imezimika katikati ya zulia, mbele ya wageni, mkono mmoja hewani kama mtu anayeomba mwongozo wa mwenyekiti. Na kabla hamjauliza: ndiyo, betri ni mpya. Hapo ndipo hasira ilipo.

Naizungumzia Mindstorms EV3, ile roboti ya kujiundia ya LEGO ya mwaka 2013, boksi la vipande 601, ambalo siku hizi unalipata kwa mtu anayehama au aliyekata tamaa. Lile tofali lenye skrini, ndiyo ubongo wenyewe, linakula betri sita za AA. Rimoti yake inataka mbili za AAA. Sasa nenda kwa Mangi ukatamke hizo A.

"Mangi, naomba betri za AA."

"Za tochi?"

"Ndogo. Zile za saa."

"Ngapi?"

"Sita."

"Una saa sita nyumbani?"

"Si za saa. Zinafanana na za saa. Ni za roboti."

Foleni nyuma inanyamaza. Mama aliyefuata sukari robo anasogea asikie vizuri.

"Roboti inafanya nini, mkubwa?"

Hapa mzazi anajikohoza. Inamfundisha mtoto kuandika programu, Mangi. Unaiagiza iende mbele, ikigusa ukuta inarudi nyuma na kugeuka.

"Hata kuku wangu anafanya hivyo. Na betri hali."

Foleni nzima inacheka, mama wa sukari kuliko wote, na mzee wa watu analipa bila kuangalia alichopewa. Alichopewa ni zile za bei ya chini, za zinki na kaboni. Skrini zitawasha, mlio zitatoa, lakini mota mbili kubwa zikianza kuvuta kwa mpigo, volti zinaporomoka na tofali linajizimia. Zipelekeni kwenye saa ya ukutani, huko ndiko kwao. Roboti inataka alkalaini, sita za pakiti moja, wala usichanganye mpya na kuukuu. Au nunua za kuchaji: kila moja ni volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo zote sita ni 7.2 badala ya 9. Zinafaa sana, ila usiagize mwendo wa 100, utashuka, weka 50. Na umbali upimwe kwa mizunguko ya gurudumu, usipimwe kwa sekunde, maana betri zikichoka, sekunde ni zilezile lakini safari inakuwa fupi.

Halafu kuna mtoto. Tofali likigoma, yeye anachomoa betri. Jamani! Programu ulizoingiza tangu lilipowashwa zinahifadhiwa pale linapozimwa kwa utaratibu: unabonyeza kitufe cha kurudi, linakuuliza, unachagua alama ya vema. Ukichomoa, kazi ya jioni nzima imekwenda na maji, na anayeulizwa ni baba.

Waya nao wote sura moja. Programu inaagiza mota za matundu B na C, mtoto kachomeka A na D, roboti inakutazama tu. Akizichomeka B na C kinyume, ukisema kulia inakwenda kushoto, na hapo mtu anaanza kuihubiria.

Mguu wa kulia ukijengwa mara mbili, wa kushoto ukasahauliwa, mnabomoa.

Pini nyeusi zinabana, za kijivu zinazunguka. Ukizikosea, mkono unaning'inia. Fito zipimwe juu ya picha iliyochapishwa kwa saizi yake halisi kwenye kitabu, si kwa jicho la shangazi. Na shangazi mwenyewe ameketi hapo tangu saa kumi akiuliza kama hicho kitu kinaosha vyombo. Hakioshi, shangazi. Hata aliyekiunda haoshi. Anajua kuamuru mota izunguke nyuzi 90 isimame hapohapo, lakini ukimpa namba 20 za LUKU aziingize kwenye mita, anasema zimemchanganya, na kiti cha kupandia kakiacha palepale mlangoni, na giza hili sasa nani atakiona?