Jua halionekani lote kutoka ardhini

Wapo wanaouliza kwa nini darubini za Jua zipelekwe angani ilhali Jua tunaliona kila siku. Ni kwa sababu ya hewa. Angahewa hunyonya eksirei na sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, na ni katika miale hiyo ndipo korona, lile tabaka la nje lenye joto la nyuzi zaidi ya milioni moja, hung'aa sana. Sisi wa chini tunaiona kwa macho dakika chache tu, Jua linapopatwa kikamilifu.

SOHO, chombo cha angani cha kulichunguza Jua, kilirushwa Desemba 1995, kikawekwa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, upande wa Jua, kusiko na usiku. Ndani yake kuna kisahani kinacholiziba Jua, yaani kupatwa kusikokwisha! Mlipuko ukichomoka kwenye Jua unaonekana mapema, mara nyingi siku moja hadi tatu kabla haujatufikia. Machi 1989 chombo hiki hakikuwepo, na dhoruba ya Jua ilizima umeme wa Quebec, Kanada, kwa takriban saa 9.

Mwaka 1998 mawasiliano nacho yalikatika, wahandisi wakahangaika wiki kadhaa hadi wakakirudisha. Watu wale nawaheshimu mno.