Mgongo wa Meru si wa kutembea gizani

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Kijana yuko Rhino Point, kwenye njia ya kilele cha Mlima Meru, tochi kichwani, anacheka kwa sauti: "Raha ya usiku huoni kilichoko pembeni!" Watu wamemwaga makopakopa. Mimi imenikera mpaka nimewasha kompyuta.

Kilichoko pembeni, ndugu yangu, ni genge la kreta, shimo la volkano, linaloshuka zaidi ya mita 1,500. Umelipia hifadhi, umelipia mpishi na wagumu wa kubeba mizigo, ili usilione? Si bora ungebaki Sakina, hapo mjini Arusha, ukazima taa?

Huu mtindo wa kutoka Saddle Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa 8 usiku, kwa macho yangu, ni kuiga Kilimanjaro. Kule Kibo sawa: kokoto zile ukizitazama mchana unakata tamaa kabla hujaanza, giza ni huruma tu. Meru ni kinyume kabisa. Ukipita Rhino Point uko juu ya mgongo mwembamba uliopinda kama mundu, kreta mkono wa kushoto, Ash Cone, kile kilima cha majivu, imekaa chini yako, na unaufuata huo mgongo mpaka Cobra Point na hatimaye kileleni, mita 4,562. Upande wa mashariki wa mlima ulishabomoka maelfu ya miaka iliyopita, kwa hiyo kreta iko wazi mpaka huko Momella. Hiyo ndiyo Meru yenyewe! Kilele ni kibao na bendera.

Halafu kuna majira. Januari na Februari majivu yamekauka, unakanyaga mguu unarudi. Julai, mjini Arusha watu wamejikunyata kwenye makoti chini ya wingu, wewe uko juu ya hilo wingu, anga jeupe, upepo unapiga ubavuni, na maji yaliyochuruzika kwenye miamba yameganda. Barafu hiyo ni nyembamba na haina rangi. Mchana utaiona inang'aa. Kwa tochi utaijua ukishaikanyaga. Masika sina la kusema, kaa nyumbani.

Kinachonichekesha ni kwamba huruhusiwi kupanda bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati wa kule chini. Vizuri sana. Nyati anaheshimiwa kwa risasi, genge linaheshimiwa kwa betri tatu.

Haya, nakubali: majivu yakiganda usiku yanashika mguu vizuri kuliko saa 4 asubuhi. Nakubali pia kwamba asubuhi ikikomaa mawingu hupanda, na Kilimanjaro unaisikia tu kwa jina. Lakini kati ya saa 8 usiku na asubuhi iliyokomaa kuna saa nyingi! Toka saa 11 alfajiri. Mapambazuko yakukute Rhino Point, jua lichomoze upande wa Kilimanjaro ukiwa umesimama mahali pazuri pa kulitazama, na mgongo wote uliobaki uutembee ukiona unapoweka mguu.

Waongozaji watanijibu kwamba ratiba ya siku tatu haina nafasi hiyo, maana siku ileile ya kilele mgeni anatakiwa ashuke mpaka getini. Basi semeni ni ratiba, msiseme ni raha. Na wewe unayepanga safari, lipia siku ya nne ulale Miriakamba, kambi ya chini, ukiwa unashuka.