Mkulima Aambiwe Mvua Itashika Lini

"Mvua za msimu zinatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani." Kila nikiisikia sentensi hii redioni huniuma. Haina uongo, lakini mwenye eka moja na mfuko mmoja wa mbegu hawezi kupandia maneno hayo.

Anachohitaji kujua ni mvua itashika lini, itakatika katikati au la, na itaisha lini. Shamba laweza kupata milimita 400 kwa msimu na mahindi yakatoka mapengo, kwa kuwa jua kali la wiki mbili liliyakuta yanatoa mbelewele. Na kuna ile mvua danganyifu ya mwanzo: inanyesha siku mbili, watu wanapanda, kisha kimya. Mbegu iliyoota inanyauka, na fedha ya kununua nyingine haipo.

Halafu kuna asilimia, ambazo hupotea njiani. Watabiri huigawa miaka iliyopita katika mafungu matatu: mvua chache, za wastani, nyingi. Kabla ya dalili yoyote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 hivi. Wakisema mvua nyingi ni asilimia 45, maana yake nafasi 55 katika 100 ni kwamba hazitakuwa nyingi! Redioni, asilimia hiyo hugeuka "mvua nyingi zinakuja". Msimu ukikauka, mkulima huona amedanganywa, na mwaka unaofuata hasikilizi.

Eti mkulima haelewi asilimia. Sikubali. Anayepanda mahindi upande huu na mtama upande ule anapima uwezekano kila mwaka. Mpe namba zake, ataamua mwenyewe kama achukue mbegu inayokomaa kwa siku 90 au ya muda mrefu, ya siku 120, au kama mbolea ya kukuzia isubiri mvua kubwa ya kesho ipite isije ikaisomba.

Nchini Mali, tangu 1982, wataalamu wa hali ya hewa walifanya kazi pamoja na wakulima na kuwapa vipimamvua. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba, na aliyeipima kwa mkono wake halioni tangazo la "milimita 20" kuwa lugha ya kigeni.

Tangazo lenyewe lije mapema. Mara nyingi linafika mbegu ya muda mrefu imeshalipiwa.