Wagonjwa 85 na Madhara Yanayochelewa

Mwaka 2024 kampuni ya Ascelia Pharma ya Sweden ilitangaza matokeo ya jaribio la awamu ya tatu la Orviglance, dawa ya manganizi ambayo mgonjwa huinywa kabla ya kupigwa picha ya MRI, ili uvimbe kwenye ini utofautike na ini lenyewe. Walioshiriki walikuwa wagonjwa 85 ambao figo zao zimedhoofika vibaya. Picha za kila mmoja za kabla ya dawa zililinganishwa na za baada yake, na uvimbe ulionekana vizuri zaidi baada ya dawa.

Wanaotaka dawa hii iidhinishwe upesi wana hoja. Dawa za MRI zilizozoeleka zina gadolini, aina ya metali, na mwaka 2006 ilibainika kwamba kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi, gadolini inaweza kusababisha ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo, ambao wakati mwingine huua. Aina mpya za gadolini zimepunguza sana hatari hiyo, lakini hofu haijaisha, na mwenye saratani anahitaji kujua leo kama imefika kwenye ini.

Hata hivyo, wanaodai ufuatiliaji wa miaka mingi hawatendewi haki wanapoitwa warasimu. Tuitazame hiyo 85. Hata kama dhara fulani halikumpata yeyote kati yao, takwimu zinaturuhusu kusema tu kwamba huenda halizidi watu watatu au wanne katika kila 100. Dhara la mtu mmoja kati ya 1,000 huenda lingepita bila kuonwa na yeyote. Na dhara linalochelewa haligunduliki hata kwa wagonjwa 10,000, iwapo wanaangaliwa kwa siku chache tu. Dawa ya kwanza ya gadolini iliidhinishwa Marekani mwaka 1988. Hadi uhusiano wake na ugonjwa ule utambuliwe ilipita miaka 18, na mamilioni ya watu walikuwa wameshadungwa.

Ini lina historia chungu zaidi. Kuanzia miaka ya 1930, Thorotrast, dawa nyingine ya kupigia picha, yenye thoriamu ambayo ni madini ya mionzi, ilisifiwa kwa picha safi na kwa kutomsumbua mgonjwa siku ile. Ini liliifyonza, ndiyo maana ilionekana vizuri pichani, lakini halikuweza kuitoa, na saratani za ini zikajitokeza miaka 20, 30 na zaidi baadaye. Sifa iliyoipa dawa thamani ndiyo hiyo hiyo iliyoleta maafa.

Manganizi si thoriamu. Mwili wenyewe unaihitaji, na inaponywewa, utumbo hufyonza sehemu ndogo tu. Lakini huondolewa mwilini na ini kupitia nyongo, na tayari inajulikana kwamba kwa wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, hujikusanya kwenye ubongo. Baadhi ya wanaohitaji picha ya ini, basi, ndio ambao ini lao haliwezi kuitoa ipasavyo. Kwa maoni yangu, dawa hii iruhusiwe kwa wenye figo mbovu wasiofaa kupewa gadolini, kwa sharti kwamba kila anayeitumia aandikishwe na kufuatiliwa kwa miaka, kwa gharama ya mtengenezaji, na wenye sirosisi wanaorudia picha mara kwa mara wapimwe manganizi katika damu kabla ya kila dozi.