Nani huenda kutazama mpira wa kikapu wa wasichana?

Ijumaa nimeondolewa kitini na mzee wa miaka sabini na kitu. Kiungwana kabisa: "Hapo huwa nakaa mimi." Tulikuwa ukumbini, shule moja hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, kutazama kikapu cha wasichana wa sekondari. Nikamuuliza mjukuu wake ni yupi. Hana mjukuu pale, hana hata jamaa. Amekata tiketi yake, ameshika bisi zake, na kila mchezaji anamjua mpaka mkono anaotupia.

Sasa niambieni, wazee wetu wa baraza pale Ukunda, pwani ya Kenya, ni nani anayeweza kutaja msichana mmoja wa timu ya kikapu ya sekondari ya Kaya Tiwi? Timu iliyowahi kubeba ubingwa wa taifa, iko hapo hapo kwao, matatu moja tu! Lakini Arsenal wanaijua mpaka kipa wa akiba.

Najua mtakuja. "Ashaona theluji huyu, ataanza kutufundisha." Sifundishi mtu. Mimi nimekulia kwenye saruji ile ile yenye nyufa, na nasema wazi: kwa mbio na kwa ubishi chini ya kikapu, mabinti zetu si wa kuonewa huruma. Wa huku wanawazidi kulenga kwa mbali, maana wana paa na kocha anayelipwa. Januari nje kumeganda, wao ndani wanatupa tu. Madina Okot wa Mumias alipita Chuo Kikuu cha Zetech, akaingia vyuo vya Marekani: Mississippi State, kisha South Carolina. Wengi wetu tumemjua alipotokea kwenye simu na jezi ya Wamarekani.

"Huko kuna pesa." Haya. Mwaka 1925 wakubwa wa michezo ya shule Iowa walijitoa kwenye mashindano ya wasichana, na walimu wakuu wachache, wengi wa vijijini, wakaunda chama chao. Vijiji vya mahindi na nguruwe, si New York. Fainali ya 1968, enzi za kucheza sita kwa sita, Union-Whitten waliifunga Everly 113 kwa 107 katika muda wa ziada, Denise Long peke yake akitia 64. Sheria ya kuwapa wasichana haki sawa mashuleni ilikuja 1972, watu wamekwisha zoea kujaza ukumbi. Caitlin Clark, nyota wa kikapu wa Marekani aliyesoma sekondari West Des Moines, alitokea kwa watu wa namna hii.

"Na mavazi je?" FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliruhusu hijabu 2017. Tafuteni kisingizio kingine.

Na pesa tunazo, tusidanganyane. Juzi kundi letu la WhatsApp la mtaani lilichanga jezi za vijana wa kiume, asubuhi likatangazwa, kabla ya magharibi zimetimia. Nami nilitoa. Nikauliza, za wasichana lini? Admini akanijibu kwa stika ya mtu anayecheka. Mwingine akauliza dola leo ni ngapi.