Taa za tyubu kwa tangi la matumbawe: nunua riflekta kabla ya wati

Anayetaka kufuga matumbawe nyumbani hapa Kisumu huanza na swali moja: ni wati ngapi kwa kila lita ya maji? Swali hilo ndilo linalowala watu pesa. Wati hupima stima unayoilipia, hazipimi mwanga unaomfikia kiumbe aliye chini ya maji. Tyubu mbili za wati 39 hula tokeni sawa, lakini yenye riflekta nzuri (bati la kung'aa linalorudisha mwanga chini) inaweza kushusha chini karibu mara mbili ya mwanga wa ile iliyofungwa chini ya kibati cheupe. Kwa mwenye bajeti ndogo, tyubu nyembamba za gesi ziitwazo T5 bado zinafaa, ila pesa ya kwanza iende kwenye riflekta na balasti, kifaa kinachodhibiti stima inayoingia kwenye tyubu. Tyubu zenye majina makubwa zije mwisho.

Sababu ni rahisi. Tyubu hutoa mwanga pande zote, kwa hiyo mwingi huelekea juu na pembeni. Riflekta iliyopinda, moja kwa kila tyubu, huugeuza ushuke majini. Kibati bapa huurudisha kwenye tyubu yenyewe, nayo huuzuia. Fremu ya tyubu nne zenye riflekta zake hushinda fremu ya tyubu sita zilizobanana chini ya bati moja, tena kwa stima kidogo. Ukimpa kazi fundi wa jua kali pale Kibuye, mpelekee shiti ya aluminiamu iliyong'arishwa, upana wa sentimita sita au saba kwa kila tyubu, na umwombe aache tuta dogo la V iliyopinduliwa nyuma ya tyubu ili mwanga upite kando yake. Usikubali foili ya jikoni: hukunjamana, na kila kunyanzi hutawanya mwanga. Aluminiamu hiyo iunganishwe na waya wa athi. Kwanza ni usalama wako. Pili, tyubu huwaka vizuri zaidi ikiwa karibu na chuma chenye athi.

Vipimo vya T5 vinaoana vizuri na matangi yanayoundwa na mafundi wetu wa vioo. Tyubu ya wati 24 ina urefu wa sentimita 55, hivyo hukaa kwenye tangi la futi mbili. Ya wati 39 ina sentimita 85, kwa tangi la futi tatu. Ya wati 54 ina sentimita 115, kwa futi nne. Hizo ndizo zenye nguvu, zilizoandikwa HO. Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu kuna T5 nyingine dhaifu zenye urefu uleule na pini zilezile: wati 14, 21 na 28. Ukiweka ya wati 21 kwenye balasti ya 39, itasukumwa kupita kiasi na miisho yake itakuwa myeusi mapema. Ukiweka ya 39 kwenye balasti ya 21, itawaka hafifu na utadhani ni mbovu. Soma maandishi ya tyubu na ya balasti, yalingane. Muulize muuzaji pia kama anachokupa ni tyubu ya gesi au ni LED iliyofichwa ndani ya umbo la tyubu, maana maduka mengi ya stima siku hizi yamejaa hizo. Baadhi ya LED hizo hupokea stima upande mmoja tu, na ukizichomeka kwenye fremu ya zamani bila kubadilisha waya, unaweza kuunguza kitu.

Vipi zile T8 nene za futi nne, wati 36, zenye choki na stata? Ni rahisi kupata na bei yake ni ya chini. Zinatosha kwa tangi lenye kina cha sentimita 30 hivi, lenye Discosoma (wale waitwao uyoga) na zoanthidi pekee, matumbawe yanayoridhika na mwanga mdogo. Zaidi ya hapo, usijidanganye.

Rangi ndiyo sehemu yenye maneno mengi ya biashara. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana unaompikia chakula kwa mwanga. Mwani huo hutumia zaidi mwanga wa buluu, kwa sababu baharini nyekundu humezwa na maji katika mita chache za juu. Kwa hiyo buluu si pambo. Kwenye tangi la futi tatu lenye tyubu nne, ningeweka mbili za buluu ya nanomita 460, moja nyeupe ya Kelvini 10,000 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na ya nne ya kawaida yenye namba 865. Namba hiyo husomwa hivi: 8 ni daraja la ubora wa rangi, 65 ni Kelvini 6500. Tyubu ya 865 hukuza vizuri. Kasoro yake ni kwamba matumbawe huonekana ya kahawia na manjano, na kasoro hiyo hufunikwa na buluu zilizo kando yake. Tyubu za zambarau za nanomita 420 huyafanya matumbawe yang'ae kwa namna ya kupendeza sana, lakini hutoa nguvu ndogo. Ukiwa na nafasi nne tu, usitoe moja kwa ajili yake.

Sasa chagua matumbawe kulingana na taa, usifanye kinyume. Mwanga wa kukuzia hupimwa kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Matumbawe laini kama Sarcophyton, pamoja na uyoga na zoanthidi, huridhika na 50 hadi 150. Euphyllia na wenzake wenye vinywa vikubwa hupenda kati ya 80 na 150. Acropora, matumbawe magumu yenye matawi, hutaka 200 hadi 350, na hapo tyubu nne juu ya tangi lenye kina cha sentimita 45 huanza kushindwa, isipokuwa uyapandishe karibu na uso wa maji. Miisho ya tyubu huwa hafifu, basi pembe za tangi waachie uyoga. Fremu ikae sentimita 10 hadi 15 juu ya maji.

Kipimo halisi cha mwanga huo ni ghali. Simu yenye programu ya kupima luksi haiwezi kukupa namba sahihi chini ya taa za buluu, lakini inaweza kukuonyesha jinsi tyubu inavyozeeka. Iweke pakavu, mahali palepale, umbali uleule chini ya fremu, mara moja kwa mwezi, kisha uandike namba. Ikishuka kwa robo, ni wakati wa kununua nyingine. Kwa kawaida hilo hutokea kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na mbili, ingawa kwa jicho tyubu bado inaonekana inawaka vizuri.

Joto ndilo adui mkubwa wa tangi la Kisumu. Tyubu nne za wati 39 pamoja na balasti hula karibu wati 170, na takriban zote huishia kuwa joto ndani ya chumba ambacho mchana tayari kina nyuzi 29 au 30. Matumbawe yanataka maji ya nyuzi 25 hadi 27. Mwanga mkali na maji moto vikikutana, tumbawe humtoa yule mwani wake na kupauka. Mwaka 1998 El Niño iliyafanyia hivyo matumbawe mengi ya Pwani yetu, na bahari ni kubwa kuliko tangi lolote. Kwa hiyo hamisha mchana wa tangi. Buluu ziwake saa nane mchana hadi saa tano usiku, nyeupe saa kumi jioni hadi saa nne usiku, kila kundi na taima yake. Utaliona tangi ukiwa nyumbani, na taa zote hazitawaka pamoja kwenye saa za joto kali. Ongeza feni ya volti 12 iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, ipulize juu ya maji, na maji yanayopungua yajazwe kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mashine ya RO. Ukijaza ya chumvi, chumvi itazidi. Kwa wenzetu wa Nakuru hesabu ni nyingine: usiku ni wa baridi, joto la taa ni msaada, na bado hita inahitajika.

Kwa ratiba hiyo tyubu hizo nne hula uniti moja na robo hivi kwa siku, karibu 38 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya tokeni zako kabla hujanunua chochote. Balasti ifungwe ukutani, mbali na mvuke wa chumvi, na nyaya zisizidi urefu uliochapwa juu yake. Waya wa plagi ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye stima. Mwambie fundi akufungie pia swichi ya kukata stima inapovuja, ya miliampea 30. Maji ya chumvi na stima ya volti 240 havina msamaha.

Jambo lingine la kufikiria kabla ya kulipa: Umoja wa Ulaya ulizuia T5 na T8 za kawaida kuingizwa sokoni tangu Agosti 2023, na mwaka huohuo nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambayo imo ndani ya tyubu hizi, zilikubaliana kukomesha utengenezaji wake ifikapo 2027. Sioni jinsi tyubu za matumbawe zitakavyobaki nyingi na za bei nafuu baada ya hapo. Ukipata fremu ya mtumba yenye riflekta nzima, nunua na seti mbili za tyubu siku hiyohiyo. Zikikaa kwenye boksi haziharibiki. Ukikosa tyubu za akiba, acha fremu hiyo hata ikiwa bure.

Unapobadilisha tyubu, badilisha moja, subiri wiki mbili, kisha nyingine. Ukizibadilisha zote kwa mpigo, mwanga hupanda ghafla na matumbawe hupauka kana kwamba yamehamishwa tangi. Ile ya zamani usiivunje wala usiitupe na takataka za jikoni, kwa sababu ina zebaki. Irudishe kwenye boksi la mpya na uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Ikivunjika ndani ya nyumba, fungua madirisha, watoe watoto, subiri dakika kumi na tano, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu, si kwa ufagio.